Kicheko cha Somo la Kumi na Tisa

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanivuta sikio, maana wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimeficha miezi saba sasa na nimechoka.

Mume wangu ni mwalimu wa Kifaransa. Alikuwa mgane mpaka aliponioa, na darasa lake ni chumba cha nyuma ya nyumba yetu, madawati kumi na mawili, ubao mmoja, na redio ya kaseti yenye milango miwili ambayo hakuna fundi anayekubali tena kuigusa. Wanafunzi wake ni watu wazima, manesi, wahudumu wa hoteli, madereva, watu wanaokuja jioni miguu ikiwauma, na wanajifunza kwa kanda thelathini alizorekodi mke wake wa kwanza, marehemu, ambaye alikuwa mwalimu mzuri kuliko yeye, anasema mwenyewe. Mimi namwita Bi Mkubwa ingawa sikuwahi kumwona.

Shangazi, kabla hujaniuliza kama namwonea wivu, ngoja nikwambie huyo mama amenifanyia nini. Nilikuwa mpiga pasi hotelini. Miaka sita nimesimama kwenye chumba cha mvuke, asubuhi mashuka, mchana mashati ya wageni, nikasikia kuna mwalimu anaazimisha nakala za kanda zake na redio ndogo hata kwa asiyeweza kuja darasani, unaandika jina lako kwenye daftari unaondoka nayo wiki nzima, basi nikawa napiga pasi na Bi Mkubwa yuko sikioni, ananiambia rudia, narudia, ananiambia vizuri sana, na wakati ule hakukuwa na mtu mwingine duniani anayeniambia vizuri sana. Nilijua anavuta pumzi wapi. Nilijua sentensi gani inamfurahisha na ipi anaisoma basi tu. Mwaka mmoja na nusu baadaye meneja alinisikia kwenye ngazi nikimjibu mgeni aliyepotea, akanitoa kwenye mvuke akanipeleka mapokezi, na hapo nipo mpaka leo, nimekaa kwenye kiti kama mtu. Nilipokwenda kumshukuru mwenye sauti, Mwalimu akaniambia alishafariki miaka minne nyuma. Nililia palepale kwenye dawati, Mwalimu akaniletea maji ya kunywa, na mengine ndiyo hayo, tukaoana. Kwa hiyo kazi kanipa Bi Mkubwa, lugha kanipa Bi Mkubwa, na ukitazama sana hata mume kanipa yeye.

Sasa nije kwenye somo la kumi na tisa. Ni somo la duka la dawa. Karibu na mwisho Bi Mkubwa anaruka mstari, anajibu swali ambalo halijaulizwa, anajishtukia, anacheka, kicheko kirefu kabisa, halafu anasoma upya kwa utulivu kama hakuna kilichotokea. Wanafunzi wanalipenda somo hilo kuliko yote, maana wanaona kumbe hata anayejua hukosea. Mwalimu aliwahi kunisimulia kwamba mkewe alitaka kulirudia na yeye akamkataza. Kanda nyingine zote zimevunjwa kile kidude cha plastiki ili mtu asirekodi juu yake, ila hiyo peke yake ilibaki nacho, kwa sababu ya ule ubishi wao.

Basi mwaka huu kituo cha vifaa vya walimu wa lugha kikatangaza nafasi za mafunzo ya miezi mitatu kwa wasaidizi wa walimu, vitabu wanatoa wao, cheti wanatoa, na ukimaliza unaruhusiwa kufundisha wanaoanza. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeniletea fomu. Kati ya masharti, walitaka usome ukurasa mmoja urekodi sauti yako uwapelekee, na mimi nikaona nijizoeze kwanza kwenye kanda kama alivyofanya Bi Mkubwa, ndipo nirekodi kwenye simu. Mezani kulikuwa na kanda mbili, tupu na ya kumi na tisa iliyotoka kusikilizwa. Nilisoma dakika kumi na mbili, nimefumba macho, najisikia. Niliporudisha nyuma nikamkuta Bi Mkubwa anaingia duka la dawa, anasalimu, halafu ghafla ni mimi. Kicheko hakuna.

Na hapa ndipo pa kunivuta sikio. Kesho yake Mwalimu alipokwenda kusimamia mtihani nilifunga dirisha, nikafungua kitabu cha mazoezi, nikasoma somo lote tangu salamu ya kwanza, kwa sauti yake, pumzi yake, mapumziko yake, nikafuta na ile nusu yake iliyokuwa imebaki ili pasionekane kiraka. Shangazi, nilimjua mno yule mama. Maneno yote yalitoka. Kicheko ndicho kilichogoma, nilijaribu mara nne kikawa kama cha mtu aliyepaliwa, nikakiacha.

Nafasi ya mafunzo nimepata, naanza mwezi ujao. Siku nilipopata barua yao nilifurahi nikasahau, lakini wiki hiyohiyo dereva mmoja wa teksi alinyoosha mkono darasani akauliza, "Mwalimu, binamu yangu alisoma hapa, akaniambia kwenye somo hili mama anacheka. Mbona sijamsikia?" Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika boksi la chaki. Mwalimu hakugeuka hata kutoka ubaoni. Akasema, "Kanda imezeeka, bwana. Andika." Nikamshukuru Mungu kwamba hakugundua. Tangu siku hiyo amekuwa akiniita darasani niwasomee wanafunzi imla, nadhani koo linamsumbua siku hizi.

Sasa yule mama mkuu wa kituo amezisikia kanda zetu akazipenda, anataka masomo yote thelathini yanakiliwe yawekwe mahali ambapo mwalimu yeyote, hata aliye mbali asiye na kitabu hata kimoja, atayapata kwenye simu bila malipo. Jumamosi Mwalimu anasaini karatasi inayosema sauti yote, mwanzo mpaka mwisho, ni ya marehemu mke wake. Amenunua kalamu mpya kwa ajili ya hiyo saini. Nikimwambia, namvunja moyo, na dada yake, wifi yangu ambaye ulimi wake hauna breki, atatangaza mtaa mzima kwamba nimemfuta Bi Mkubwa kwa wivu. Nikinyamaza, mume wangu anasaini uongo bila kujua, na Bi Mkubwa aliyenitoa kwenye mvuke namlipa wizi. Ninachoogopa zaidi ni Mwalimu kudhani kwamba nilitaka nibaki sauti peke yangu katika nyumba hii. Nifanyeje?

Ni mimi,
Mke wa Mwalimu

*

Mke wa Mwalimu, mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeirusha foleni kwa sababu ya hiyo Jumamosi, na waliokuwa mbele yako wanisamehe. Sasa lete sikio.

Dakika zile kumi na mbili kidole kiliteleza. Hilo ni ajali, na ajali haina kesi kwangu. Lakini kesho yake, dirisha umefunga, kitabu umefungua, nusu ya mama wa watu ilikuwa bado hai kwenye kanda ile, hapo kidole hakikuteleza. Hapo ulichagua kuficha kiraka kuliko kuhifadhi sauti. Ulifanya kwa hofu, si kwa wivu, nakuamini kabisa, maana mwenye wivu hakariri pumzi za mwenzake. Hata hivyo ulikosa. Ukienda kukiri, kiri nusu zote mbili, na ile ya pili ndiyo uanze nayo.

Nikishamaliza kukuvuta sikio, nikuulize swali. Wewe umeishi na kaseti, unajua zinavyozeeka. Kanda ikizeeka inakwaruza, inaburuta maneno, inajisokota mpaka uitoe kwa penseli. Tangu lini kanda ikazeeka kwa kupoteza kicheko na kubakiza kila neno safi? Mwalimu yule amecheza kanda zile miaka na miaka. Kicheko kile alikipigania mpaka mkewe akaacha kurudia somo. Halafu unaniambia alisikia somo zima halina kicheko, akaulizwa mbele ya watu, hakugeuka hata kutoka ubaoni, akasema imezeeka, na wewe ukamshukuru Mungu kwamba hakugundua! Mwanangu, mapokezi unakaa kweli, au unasinzia?

Mimi si mganga, sipigi ramli, na siwezi kuapa anajua nini. Lakini mwanamume ambaye koo linamsumbua hunywa maji ya moto na tangawizi. Haendi kumtafuta mkewe amsimamishe mbele ya madawati kumi na mawili awasomee watu. Huyo, kwa macho yangu ya uzee, amekusikia ndani ya kanda, amejua ni nani, na badala ya kukuumbua akakufungulia mlango uingie darasani ukiwa wewe. Na wewe umemwacha miezi saba abebe siri yako peke yake. Hapo tu ndipo nilipokukasirikia hasa.

Basi sikiliza. Leo hii, akishamaliza darasa na wanafunzi wameondoka, mwambie abaki kwenye kiti. Usiende na machozi mbele, maana ukianza kulia atahangaika na maji ya kunywa kama siku ile ya kwanza na neno halitatoka. Weka kanda mezani. Sema: hii ni mimi, nilifuta kwa ajali, nikafuta tena kwa makusudi, nisamehe. Halafu nyamaza. Akikasirika, ana haki, na usimkatize. Akisema alijua, usimuulize kwa nini hakusema, muulize amelibebaje. Akitaka kukaa kimya siku nzima, mwachie siku yake.

Jambo la pili mtalifanya pamoja. Umesema kuna daftari la kuazima. Lifungueni tangu ukurasa wa kwanza, mtafute kila aliyechukua somo la kumi na tisa nakala zilipokuwa bado zipo, mpige simu mmoja mmoja. Watu hawarudishi vitu vya kuazima, mimi mwenyewe nina kitabu cha jirani tangu wanangu wakinyonya, na kwa mara ya kwanza maishani naishukuru tabia hiyo. Muanze na binamu wa yule dereva. Kicheko kile kinaweza kuwa kwenye droo ya mtu, chini ya betri zilizokufa. Kikipatikana, kirudi mahali pake na wewe ukipishe. Kisipopatikana, maji yaliyomwagika hayazoleki, na mume wako anayo kumbukumbu yake kichwani, ambako kidole chako hakifiki.

La tatu ni karatasi ya Jumamosi. Mwalimu asisaini uongo, hata kwa mapenzi. Mpigie mama wa kituo kabla, mwambie wazi wazi. Sidhani atakufukuza kwenye mafunzo. Mwanamke aliyejifunza lugha kwa kanda huku akipiga pasi, mpaka akaweza kukaa ndani ya sauti ya mwalimu wake bila mtu kujua isipokuwa mume, huyo ndiye hasa kituo kama kile kinamtafuta, na kama hawajui hivyo waambie mimi nimesema. Karatasi iandikwe upya: masomo ishirini na tisa yamesomwa na marehemu, na moja limesomwa na mwanafunzi wake. Usiandike mke wa pili, wala msaidizi. Mwanafunzi wake. Nimeisoma barua yako mara tatu na hilo ndilo jina lako la kweli humu ndani, tena jina la heshima. Walimu wengi hufa bila kuacha hata mmoja wa namna yako.

Wifi mwachie ulimi wake. Karatasi ikishasema ukweli, atakuwa anatangaza habari ambayo watu wameshaisoma.

Na la mwisho, usimwige tena. Kama droo za watu hazitatoa kitu, mwombe Mwalimu ruhusa, fungua lile dirisha ulilofunga, ulisome somo la kumi na tisa kwa sauti yako, hiyo hiyo unayomjibia mgeni aliyepotea kwenye ngazi. Mwanzoni kabisa, kabla ya salamu ya duka la dawa, useme: mama mliyemsikia katika masomo kumi na nane ndiye aliyenifundisha, nami namshukuru. Kisha soma. Lazima utakosea mahali, na Mwalimu atakuwa amekaa hapo anakutazama, na mtacheka. Usifute.

Ni mimi Shangazi yako.