Jezi chini ya koti, kando ya baba mkwe

Ndugu yangu, nimekwisha. Nimekwisha!

Baba wa mchumba wangu alinialika mechi ya leo, ile ya kwanza ya msimu uwanjani kwetu. Nikadhani ni mwenzetu. Nikavaa jezi yetu, koti juu ili nimshtukize tukifika. Kumbe mzee ni wa wageni! Akanikalisha katikati ya mashabiki wao.

Jua la saa tisa linachoma. "Vua koti, mwanangu." Nikamwambia nasikia baridi, baba. Baridi! Jasho limefika kwenye soksi.

Dakika ya themanini na tisa tukafunga. Watu wetu upande wa pili wanaruka, mimi nimeng'ata kola. Machozi ya furaha yakanitoka, sikuweza kuyazuia.

Mzee akaniona. Akanikumbatia, naye analia. "Nyamaza, mwanangu. Sasa najua binti yangu namkabidhi mtu mwenye moyo."

Mwenye moyo!!

Niko garini mwake sasa, koti nimelifunga mpaka shingoni. Anawapigia ndugu zake mmoja mmoja kuwasimulia nilivyolia. Ameshaamua siku ya harusi mimi na yeye tutavaa skafu za timu yao.

Nimejibu "Asante, baba," kwa mdomo huu huu ulioimba nyimbo zetu miaka kumi na miwili.