Dume Lililobaki Zizini

Mama,

Mtoto amevimba vidole. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazungukazunguka na mwisho nitaifunga barua bila kulisema. Ana miezi minane. Nimempa jina lako, Nyangeta, na tangu Jumatano viganja vyake vimeumuka kama maandazi. Ukimgusa analia kilio kile kile cha Masatu. Nilikuwa na miaka tisa mdogo wangu alipokufa, na hicho kilio bado nakijua.

Ninaogopa, Mama. Jana nimekata suruali ya mteja, miguu yote miwili ya kushoto, nikabaki naitazama tu.

Tangu tukuzike kule Bunda nimeolewa. Mume wangu anaitwa Magesa, ni seremala, kwao Suguti. Tunakaa Musoma mjini, vyumba viwili, cherehani yangu iko mlangoni. Ungempenda. Ananitania kutwa, ananiita bosi mbele ya wateja, na hajawahi kunipandishia sauti. Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Sijui sauti yake ya hasira ikoje.

Wazee wao walipokuja kwa Baba Butiama kuulizia ukoo, unajua maswali yao: kuna kifafa, kuna uchawi, kuna watoto wanaokufakufa? Shangazi alinivuta jikoni. "Wakiuliza habari ya Masatu, sema alikufaga na malaria. Kwetu hakunaga ugonjwa." Nikaenda nikasema malaria. Nilisema vizuri kabisa, bila hata kumeza mate. Magesa alikuwa amekaa palepale, akanitazama kwa huruma.

Sasa juzi nimempeleka mtoto kliniki. Nesi alivitazama vidole, akaniuliza kama kwetu au kwa kina baba yake kuna mtu mwenye sikoseli. Nikajifanya namfunga mtoto kanga. Akachukua damu ya mtoto, kisha akageuza daftari la kliniki akanichorea nyuma yake.

Alisema kila mtu ana vinasaba viwili vya jambo hilo, kimoja cha baba, kimoja cha mama. Mwenye kibovu kimoja haumwi. Anakua, analima, anaoa, wala hajui kama anacho. Mtoto anaugua akipokea vibovu viwili, kimoja huku na kimoja huku. Wazazi wote wawili wakiwa nacho, kila mimba ni bahati nasibu ya kura nne: moja ya mgonjwa, mbili za kubeba tu kama wazazi, moja ya kutokuwa na chochote. Na kura hizo hazikumbuki nani alizaliwa kabla. Zinapigwa upya kila mara.

Nilimwomba arudie. Akarudia taratibu, akidhani sijaelewa hesabu.

Kutoka pande zote mbili, Mama. Wewe na Baba.

Masatu hajamaliza hata arobaini, Baba akakurudisha kwenu Bunda na sanduku lako moja. "Damu mbaya ni ya kwenu," alisema. Ukaondoka hukumjibu, na mimi nikabaki nikiamini. Miaka yote nimekupenda huku nikikuogopa kidogo, na leo ndiyo naweza kukuambia. Nisamehe.

Halafu nikakumbuka lile dume la Baba, jeusi lenye paji jeupe, alilokuwa akilisifia kwa kila mgeni. Ng'ombe mmoja alizaa ndama miguu imepinda, Baba akamuuza yule ng'ombe. Wa pili akazaa vilevile, naye akauzwa. Ulikuwa unakamua, mimi nimekushikia kibuyu, ukasema polepole bila kuinua kichwa, "Dume mbona halijauzwa?" Tukacheka mpaka maziwa yakamwagika. Mama, wewe ulijua kabla ya nesi. Hukuwa na wa kukusikiliza, basi.

Majibu ni Jumatatu. Nesi amesema nije na baba wa mtoto, naye apimwe. Kama majibu ndiyo hayo ninayoyaogopa, hata yeye anacho, hata kama kwao Suguti hajawahi kuzikwa mtoto kwa ugonjwa huo. Lakini mwanamume anaweza kuambiwa hivyo akacheka. Anaweza kukumbuka malaria.

Kwa hiyo nakuaga na ahadi moja. Sitarudi kwetu na sanduku kimyakimya. Na huyu mwenye jina lako, awe mgonjwa, awe mzima, atakua akijua kilichomo kwenye damu yake na kilikotoka, kote kuwili. Hakuna shangazi atakayemvuta jikoni. Lala, Mama. Ukimwona Masatu mshike vidole polepole.

Umeshangaa nimekuandikia Kiswahili, mimi na wewe ambao hatukuwahi kusemeshana ila kwa lugha ya nyumbani. Lugha yetu Magesa haielewi. Barua hii naiacha mezani, karibu na sahani yake, na akirudi saa kumi na moja ataiona.

Magesa, kama umefika hapa, Masatu hakufa na malaria. Niliwadanganya wazee wako, na wewe. Tuko chumbani, mlango haujafungwa. Uje hata kama umekasirika.

Mimi,
mama Nyangeta