Baraza la Wenye Upepo

Jumatatu, 3 Machi

Mswada umerudi. Kurasa mia tatu na kumi na mbili za riwaya yangu, na juu yake barua ya Mhariri, kurasa mbili. Nimeisomea chooni ofisini, mlango umekomewa, maana uso wangu haujui kuficha kitu.

Anasema Nchi ya Ukungu imempendeza. Anawapenda watu wangu wanaozaliwa na upepo viganjani. Halafu anauliza: nchi hii inatawaliwaje? Mfalme anaamka, anaamuru, jioni limekwisha fanyika. Limefanywa na nani? Daraja likibomoka, anaambiwa nani? Mfalme akishikwa na homa wiki mbili, soko linafunguliwa na nani? Na la mwisho, ndilo lililonichoma: mwenye upepo mmoja tu anaweza kung'oa paa la ikulu, kwa nini basi anamtii mfalme asiye na pumzi ya kuzima mshumaa?

Sijui. Nimeiandika nchi hii miaka minne na sijui.

Nimepewa hadi mwisho wa mwezi. Akiridhika, kitabu kinakwenda mitamboni. Asiporidhika — hakusema. Hakuwa na haja ya kusema.

Jumanne, 4 Machi

Nimemsomea Breki ile barua kwenye chai ya asubuhi. Breki ni jina alilopewa na wanafunzi wake wa udereva, na hata mimi mke wake siku hizi namwita hivyo. Kwake yeye kila jambo la dunia ni barabara. Akatafuna mkate, akafikiri, akasema watu hawasimami kwenye taa nyekundu kwa kumwogopa trafiki. Mara nyingi trafiki hayupo. Wanasimama kwa sababu kila mmoja anataka na wale wengine wasimame.

"Sasa hao watu wako," akasema, "taa yao nyekundu ni ipi?"

Nimeishi na mwanamume huyu miaka kumi na sita. Sikujua kama nalala na mwanafalsafa.

Mama mkwe alikuwa anashona kifungo. Anakaa nasi tangu goti lilipoanza kumsumbua. Alikuwa mkunga miaka thelathini na moja. Bila kuinua macho akauliza: mtoto akizaliwa na upepo, anaandikishwa wapi?

Nikamwambia haandikishwi, Mama, hii ni hadithi tu.

"Hata kwenye hadithi, mwanangu, mtoto hadondoki toka juu kama tone la mvua. Yuko aliyempokea. Aliyempokea ndiye wa kwanza kujua. Mkunga akinyamaza, hiyo serikali yako haina habari."

Nimeandika nyuma ya bahasha kwa herufi kubwa: MKUNGA AKINYAMAZA. Nimechelewa kazini dakika ishirini.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha baraza la mji. Mimi ndiye mwandishi wa mihtasari. Nakaa mwisho wa meza na kuandika nani kasema nini, huu mwaka wa kumi na moja.

Leo, ajenda ya nne: benchi nje ya zahanati. Benchi moja. Likae kulia mwa mlango au kushoto? Wamebishana saa moja na dakika arobaini. Yule diwani tunayemwita Hoja ya Utaratibu, kwa kuwa kila kikao hukisimamisha kukiambia kinakosea utaratibu, leo alisimama mara tisa. Nilihesabu. Mwenyekiti, mtu wa mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi, akagonga meza hadi glasi zikacheza. Mwishowe ikaundwa kamati ndogo ya kwenda kuangalia jua linapiga upande gani.

Nilikuwa naandika "Baraza likaazimia kuunda kamati ndogo", kalamu ikasimama yenyewe.

Hii hapa! Miaka kumi na moja serikali imekaa mbele ya pua yangu, inabishana, inakunywa maji, inaahirisha mambo — na mimi nikaenda kuokota mfalme wa kwenye karata.

Jumamosi, 8 Machi

Mfalme nimemlaza. Sikumuua. Nimempa homa ya sura nzima ili nione nchi inakwendaje bila yeye. Inakwenda. Wala hakuna aliyeuliza habari zake mpaka ukurasa wa tisa.

Badala yake kuna Baraza la Wenye Upepo, watu saba. Sheria ya kwanza: haingii mtu na upepo wake. Mlangoni kila mmoja anaupuliza ndani ya chupa, anapewa kibati chenye namba, anaingia mikono mitupu. Hakuna hata mmoja anayelipenda jambo hili. Lakini hakuna anayetaka kukaa meza moja na sita wengine wenye upepo wao. Taa nyekundu ya Breki ndiyo hiyo. Na chini yao kuna wakunga na daftari zao, na mkunga mmoja kati yao aliyeamua kutomwandika mtoto mmoja. Hadithi yote sasa inaning'inia kwenye mstari ambao haukuandikwa.

Kurasa kumi na nane kwa siku moja. Breki kapika, kafua, kanyamazisha redio. Mchana nikawasomea. Mama mkwe akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza bawabu wa chupa ni nani.

Nikasema ni bawabu tu, hana upepo hata kidogo.

"Huyo ndiye wa kuangaliwa. Mwenye kushika chupa saba ana upepo saba."

Sikuwa nimeliona. Nimemteua hapohapo kuwa Mshauri Mkuu wa Nchi ya Ukungu. Cheo kakipokea. Kazi za ziada kazikataa.

Jumatano, 12 Machi

Nimejitia aibu.

Printa ya nyumbani imeishiwa wino. Saa ya mapumziko nikachapa Sura ya Sita kwa mashine ya ofisini. Simu ikalia, nikaitwa ghorofa ya chini mara moja. Narudi — trei tupu. Kurasa kumi na mbili hazipo.

Na ni sura ipi, kati ya sura zote? Ile ambayo Baraza la Wenye Upepo linabishana kikao kizima kiti kipya kikae upande wa dirisha au wa mlango. Kuna mjumbe anayesimama mara tisa. Kuna mwenyekiti mwenye sauti nene anayegonga meza mpaka chupa mlangoni zinatetemeka. Hata hesabu sikubadilisha. Tisa! Uvivu mtupu.

Nimeulizia kwa mzahamzaha. Karani wa masjala, yule tunayemwita Muhuri, kasema hajaona karatasi yoyote. Kasema hivyo akiwa ameinamia faili lililofungwa.

Ijumaa, 14 Machi

Zinasomwa. Chumba cha chai kinacheka, naingia, kinanyamaza, wanaanza kusifu hali ya hewa.

Cha ajabu, kila mtu anamwona mwenzake, hakuna anayejiona. Hoja ya Utaratibu kanishika mkono kwenye ngazi, anacheka mpaka machozi. Yule mwenye sauti nene, kasema, nimempatia kabisa, ni Mwenyekiti mzimamzima. Na yule wa kusimamasimama? Eti hata yeye anamjua mtu wa hivyo, upande wa ukweni.

Nikacheka naye. Ningefanyaje.

Saa kumi kasoro ukaja ujumbe: Jumatatu saa tatu, ofisini kwa Mwenyekiti.

Breki kaniambia nilete mkataba wangu wa kazi tuusome. Unasema mtumishi asitoe siri za vikao. Benchi ni siri? Kikao kilikuwa cha wazi, watu walikaa nyuma wakisinzia. Hata hivyo nimeusoma mara tatu. Nimegundua jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: kazi hii naipenda. Napenda kuwa yule anayejua hasa kilichosemwa.

Jumatatu, 17 Machi

Kurasa zangu zilikuwa mezani kwake. Kona zimekunjwa, na ukurasa wa juu una alama ya duara ya kikombe. Zimetembea hizo.

Akazinyoosha kona moja moja kwa kidole gumba. Kisha: "Huyu mwenyekiti wako anagonga meza mara ngapi?"

"Mara nne, Mheshimiwa."

"Na mimi nagonga hivyo?"

Nikamweleza ukweli, kwamba kwenye mihtasari huwa naandika "Mwenyekiti alituliza kikao".

"Miaka yote hii?"

"Yote, Mheshimiwa."

Akaangalia mkono wake wa kulia kama aliyeletewa mgeni. Halafu akaniambia hapa nimekosea. Nikajua yamekwisha. Kumbe anazungumzia kitabu. Mwenyekiti wangu hagongi kwa hasira, akasema, anagonga kwa sababu hana kura. Kanuni inamruhusu kupiga kura pale tu wengine wanapolingana. "Mtu ana sauti, ana kiti kirefu, na hana kura. Atafanya nini? Atagonga."

Nikatoa kalamu nikaandika mbele yake. Akangoja nimalize. Akaongeza kwamba ubaya wa kiti kirefu ni kuwa unawaona wote wanapochoka.

Kisha akafungua droo. Yamekuja malalamiko ya maandishi. Ya Hoja ya Utaratibu! Alizipeleka kurasa nyumbani amchekeshe mkewe, na mkewe, kwa utulivu kabisa, akamweleza nani ni nani. Sasa anataka baraza lijadili: mashine ya ofisi imetumika kwa mambo binafsi, na heshima ya baraza imeshushwa.

"Alhamisi linaingia kwenye ajenda," Mwenyekiti akasema. "Siwezi kulikalia. Mimi nimeipenda, lakini unajua hali yangu."

Jumanne, 18 Machi

Mhariri kapiga simu. Kazisoma sura mpya saba. Sasa anaamini, kasema. Angeweza kuhamia kule na kuanza kulalamika. Kwake yeye nchi ya kubuni inakuwa nchi siku ile msomaji anapojua angepeleka malalamiko yake dirisha lipi na angezungushwa na nani. Anataka zilizobaki haraka.

Nimefurahi dakika kumi nzima. Halafu nikakumbuka Alhamisi, na malalamiko dhidi yangu yaliyo njiani.

Nimemuuliza Mama mkwe kama nimwombe yule diwani radhi. Kasema ndiyo, ya karatasi. "Karatasi ni za baraza, zirudishe. Maneno ni yako." Kisha baada ya kushona kidogo: "Lakini yule mtu kachekwa na mkewe. Hilo nalo lina maumivu yake."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilimwandika mtu anayesimama. Sikujiuliza akirudi nyumbani anakaa wapi. Nimerudi kwenye Sura ya Sita, nikamwongezea mjumbe wangu nusu ukurasa: kwa nini anasimama. Alipokuwa mdogo, kikao kisichofuata utaratibu kilitoa nyumba ya mama yake kwa mtu mwingine kabla ya chai. Nimebuni. Lakini nilipomaliza, nikamwelewa.

Alhamisi, 20 Machi. Saa tano asubuhi

Naandika nyuma ya daftari la mihtasari, kwenye korido. Nitanakili baadaye.

Asubuhi nimeweka bunda jipya la karatasi kando ya mashine, mbele ya watu. Kisha tukaingia. Ajenda ya saba: "Mwenendo wa Mwandishi wa Mihtasari". Niliichapa mwenyewe juzi, tahajia safi.

Ilipofikiwa, Hoja ya Utaratibu akasimama: mhusika hawezi kukaa ndani akijadiliwa. Ni kweli, kanuni ya kumi na nne. Nikafunga daftari nikaondoka. Sijafika mlangoni, diwani mmoja, mwalimu mstaafu, akauliza sasa nani ataandika.

Mwenyekiti akakitazama kiti changu kitupu.

Kikao bila mwandishi si kikao, kanuni ya tatu. Mwenyekiti akasema nisubiri nje walitatue.

Dakika thelathini na tano sasa. Mlango huu haujawahi kuziba, nasikia kila kitu. Mmoja kapendekeza Muhuri aandike. Muhuri kasema hawezi, yeye ni shahidi, ndiye aliyezitoa kurasa kwenye trei — kakiri mwenyewe, bila kuulizwa, na kaongeza kwamba anaomba kujua mtoto asiyeandikishwa aliishia wapi. Mwingine kapendekeza waandike kwa zamu, wakakumbuka hakuna anayeweza kusoma mwandiko wa mwenzake. Sasa Hoja ya Utaratibu mwenyewe kaleta suluhu: nikae mlangoni kabisa, nisiwe ndani wala nje.

Wamekubaliana. Kwa kauli moja! Miaka kumi na moja sijawahi kuyaandika maneno hayo.

Saa tano na dakika ishirini

Kiti kimewekwa juu ya kizingiti, miguu miwili ndani, miwili koridoni. Nimekaa. Mwenyekiti kaniuliza kama nasikia. Nasikia. Basi, kasema, ajenda ya saba.

Hoja ya Utaratibu kasimama na karatasi yake. Anasoma malalamiko dhidi yangu. Anayasoma polepole, maneno manne manne, anasimama kwenye kila koma mpaka aione kalamu yangu imefika. Nimekosea neno, nimelikata, na ameona. Kapunguza mwendo zaidi.

Amefika kwenye "kudhalilisha". Nimeinua mkono, nikaomba arudie. Karudia. Kisha kaliangalia lile neno kwenye karatasi yake, muda mrefu. Kasema likisemwa kwa sauti linakuwa kali kuliko alivyokusudia. Kawauliza wenzake kama lipo lingine. 

Sasa kanigeukia mimi. Anauliza, kwa kuwa maneno ndiyo kazi yangu, yeye aliyejisikia vibaya vile nyumbani kwake, mbele ya mkewe, aseme alifanywa nini. Mwenyekiti hajagonga. Madiwani wote wamegeukia mlangoni, wanangoja.

Ninayo maneno matatu. La kwanza nililipata kwa Mama mkwe, na ndilo ninalomsomea: alichekwa.