Jiwe Jeupe la Kushoto

Shule ya Msingi,
Mandawa, Ruangwa.

Mdogo wangu Veneranda,

Pokea salamu za dada yako. Mimi mzima, vumbi tu ndilo linanisumbua. Hapo Ukerewe hamjambo? Mguu wa Mama umepona?

Barua yako ilizungukia Nachingwea, imenifikia jana. Nimesoma kwamba umekuwa wa pili katika mashindano ya kuogelea ya wasichana, na ya mkoa yatafanyika hapo hapo kwetu mwezi ujao. Tena Baba alikufuata kwa mtumbwi akikushangilia njia nzima. Nilipoona umekuwa wa pili, nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu umekosa ushindi. Bora nikuambie mwenyewe.

Nakuonea wivu, Veneranda. Wakati wangu wasichana hatukushindana. Tulishika nguo za wavulana ufukweni na kuwapigia makofi, ingawa wengi wao niliwazidi. Leo wewe una ziwa zima na mtumbwi wa Baba, mimi huku naoga makopo mawili ya maji tuliyochimba kwenye mchanga wa mto, tena kwa foleni. Juzi, kipindi cha mazoezi, niliwalaza wanafunzi kifudifudi juu ya madawati nikawafundisha kupiga mikono na kupumua, maana kuogelea kunapanua kifua. Walijitahidi sana. Kisha binti mmoja akainua kichwa: "Mwalimu, na maji yenyewe tunaletewa lini?" Niligeukia ubao nikajifanya nafuta.

Sasa jambo lenyewe. Uliponiuliza katika barua ya nyuma kwa nini unafika kwenye bendera ya kumalizia umechoka, nilikujibu ule vizuri na ulale mapema. Jibu nilikuwa nalijua. Upepo wa mchana unakusukuma kulia, nawe unapigana nao ili usiiache bendera. Usiitazame. Lenga lile jiwe jeupe la kushoto, upumulie upande wa kulia ili mawimbi yasikujaze mdomo, na upepo wenyewe utakupeleka kwenye bendera. Niligundua hilo peke yangu, nikiogelea wavulana wakishaondoka. Sikumwambia mtu, hata Baba.

Nisalimie Mama, na shangazi yetu msuka mikeka. Baba naye msalimie, umwambie apunguze kelele.

Najua utashinda. Ukishinda, usiniandikie siku hiyo hiyo. Acha wiki mbili zipite kwanza.

Dada yako akupendaye,
Perpetua