Bei Uliyoandikisha Usumbura

Mpendwa Baba,

Jumatano iliyopita hakimu wa mtaa wa Waswahili, Usumbura, alitamka hukumu: fungu la nyumba ulilolinunua kwa Mzee Kondo linachukuliwa na dada yake, Bi Mwanahawa, na Mama atarudishiwa bei iliyomo kwenye hati. Bei iliyomo kwenye hati ni theluthi ya fedha uliyotoa.

Shikamoo. Najua ungenikemea kwa kutanguliza habari kabla ya salamu. Leo nivumilie, nina hasira.

Nyumba ile Kondo na dada yake waliirithi pamoja. Kondo alikuuzia fungu lake bila kumwambia mwenzake. Sheria ya shufaa inampa mrithi mwenza haki ya kulirudisha fungu lililouzwa kwa mtu wa nje, mradi alipe bei ileile aliyolipa mnunuzi. Mahakamani Bi Mwanahawa alitajiwa bei ya kwenye hati. Akafungua kitambaa, akalipa palepale. Bibi huyo hana kosa, na hakimu naye hana.

Wewe unalo.

Nakumbuka jioni mliyopatana, hapa Tabora, barazani kwetu. Kondo alikuwa Mzaramo aliyelowea Usumbura, mtani wako tangu ulipoanza kuvusha asali ya Sikonge ng'ambo ya ziwa.

"Nyinyi Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo ya watu," alikwambia. "Leo nakupa nyumba, jitwike!"

"Nipe, lakini nihesabie na mabati," ulijibu. "Mzaramo akisikia ngoma huuza hata paa akacheze."

Mlicheka mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Kisha Kondo akainama, akasema mwandikishe bei ndogo, kwa kuwa ushuru wa Wabelgiji hufuata bei. Nilikuwa nimekaa hapo. Nilikwambia kwamba ukiandikisha theluthi, mbele ya sheria umenunua kwa theluthi, na siku ya ugomvi hakuna atakayekurudishia zaidi.

"Wewe mtu wa magazeti unaogopa kila mhuri," ulisema.

Nikakuomba basi umwite shahidi siku ya kutoa fedha iliyobaki. Ulikasirika. "Nimwekee mtani shahidi? Nimemfanya mwizi?"

Baba, ni wewe uliyenichapa sokoni nikiwa mdogo kwa kumwambia mnunuzi kwamba asali ni safi, hali nikijua imeingia maji. Ulimwita yule mtu arudi, ukampa kopo jingine, ukamwomba radhi mbele ya soko zima. Nimeandika habari kwa miaka mingi nikiongozwa na kichapo kile. Sasa najua kwamba uongo kwa Mzungu hukuuhesabu. Ulidhani unamkwepa Mbelgiji. Yeye hakupoteza lolote la kumnyima usingizi. Aliyepoteza ni Mama, ambaye nyumba yake ya urithi hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, iliuzwa ili ile ya Usumbura ipatikane.

Kwenye msiba wako Kondo alikuja. Alivaa kofia yako, akaigiza ulivyokuwa ukionja asali na kukunja uso, akalala mlangoni akidai hutatolewa kuzikwa mpaka umlipe kilemba chake cha utani. Watu walicheka huku wanalia, na Mama pia. Nilimpenda siku ile.

Mahakamani hakimu alimuuliza kama alipokea fedha nyingine zaidi ya ile ya kwenye hati.

"Mheshimiwa, marehemu alikuwa mtani wangu," alisema Kondo. "Aliniahidi hata ng'ombe wote wa Usukuma. Maneno yote hayo ningeyashika?"

Baraza zima likacheka. Kila aliyewahi kuwasikia mkibishana bei alisimama, na kila mmoja aliulizwa kama maneno yale yalikuwa ya kweli au ya utani. Nani angeapa?

Mama ndiye aliyeona. Fedha ilihesabiwa juu ya mkeka wake. Alisimama, akashika ushungi, na hakimu akamuuliza kwa upole: "Bibi, unataka kusema marehemu mumeo aliidanganya serikali?"

Mama alimtazama Kondo. Kondo akatazama chini.

"Sina la kusema," alijibu Mama, akaketi.

Alikuwa na haki yake kinywani, Baba, akaimeza ili jina lako litoke mle ndani safi. Hilo ndilo sijaweza kukusamehe. Si fedha.

Ulipenda kusema kwamba babu alipita njia hii ya Ujiji na pembe ya ndovu ya tajiri begani, na wewe utaipita na ufunguo wako mfukoni. Uliipita kweli. Ufunguo sasa Mama ameufunga kwenye pindo la khanga.

Nilimwomba ruhusa niyaandike haya gazetini, ili wengine wanaonunua ng'ambo ya ziwa wasidanganyike. Akasema: "Andika. Lakini baba yako usimwite mwongo."

Sijakuita. Nimeeleza ulichofanya.

Alhamisi napanda na Mama garimoshi la Kigoma, kisha meli ya Usumbura. Jumatatu saa tatu asubuhi, mbele ya karani wa mahakama, Mama anamkabidhi Bi Mwanahawa ufunguo.

Mimi mwanao wa kwanza,
Tabora