Aabo Bishar Sugow, Msoma Nyayo wa Bura, na Unyayo Aliokosea

Mwaka umetimia, Aabo, tangu Ijumaa ile tulipokulaza kwenye mchanga wa Bura, na nyumbani bado hakuna anayethubutu kukalia mkeka wako. Naandika mimi, Kinsi, binti yako, kwa niaba ya nyumba nzima. Nakuandikia gazetini kwa sababu jambo lako lilitangazwa mbele ya watu, na wewe mwenyewe ulitaka limalizwe mbele ya watu.

Nakuota mchana. Baada ya adhuhuri, joto likishaukamata mji na hata mbuzi wamelala, najinyoosha kidogo na wewe unakuja. Unatembea mbele yangu kwenye uwanda mweupe usio na mwisho, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu ya fimbo. Kila mara ni vile vile: huangalii chini. Maisha yako yote sikuwahi kukuona ukitembea bila kuangalia chini. Naita, "Aabo!" Unageuka, unatabasamu, kisha naamka nimelowa jasho, nina furaha, na inanichukua muda kukumbuka kwamba haupo.

Wasomaji wa mbali hawakujui, kwa hivyo tuwaambie. Ngamia akipotea, watu walikuja kwako kutoka kila upande wa Fafi. Uliinama, ukatazama mchanga, ukasema: huyu ni jike, ana mimba, alipita kabla ya umande kukauka. Wakaenda ulikowaelekeza, wakamkuta. Kwa mjane hukupokea chochote, hata ukisukumiwa mkononi.

Binadamu nao uliwasoma. Asubuhi Hooyo, mama yetu, alisimama na ufagio akisubiri, maana hukuruhusu uwanja ufagiliwe kabla hujaupitia. "Saado, ngoja," ulimwambia, "sijamaliza habari." Ulijua nani alibisha hodi tukiwa tumelala, na nani alifika mlangoni akaona haya akarudi. Siku ndugu yangu Keinan alipotoroka kwenda kutazama mpira kwenye banda la video, hukumchapa wala kumuuliza. Ulimwonyesha tu mahali aliporuka ua. "Kwenda uliruka vizuri," ulimwambia. "Kurudi ulianguka." Tulicheka mpaka Keinan mwenyewe akacheka.

Na yule mtoto wa wakimbizi kule Dagahaley, aliyepotea siku ya mgao wa chakula? Ulimfuata siku mbili porini, ukamrudisha mgongoni akiwa amelala usingizi. Mama yake alikushika miguu akilia. Ukaona haya, ukaomba chai.

Tunayasema haya yote kwanza ili lile lingine lisikae peke yake.

Miaka ishirini na mbili iliyopita Abdishakur, aliyekuwa na duka sokoni Bura, alikutwa asubuhi ameuawa ndani ya duka lake, na gunia moja la sukari limechukuliwa. Nyuma ya duka kulikuwa na nyayo za mtu mmoja, za viatu vya tairi. Siku hizo kila mwanamume wa Bura alivaa viatu hivyo, na vyote vilikatwa na fundi yule yule. Polisi wakakuita. Wewe hukujali kiatu, uliangalia mguu unavyokwenda. Mguu wa kushoto ulikuwa umepinda kwa ndani. Ulisimama hapo muda mrefu, kisha ukataja jina la Nuh.

Nuh Shirwa alikuwa na miaka kumi na tisa. Alichunga ngamia wako tangu utotoni, alikula kwenye sinia yetu, alikuita adeer, ami yake. Mguu wake wa kushoto ulipinda kwa sababu ngamia wako alimkanyaga, na ni wewe uliyeufunga kwa vijiti na kipande cha macawisi yako uliyojifunga kiunoni. Hakuna mtu duniani aliyeujua mguu ule kukushinda. Nuh alisema alikuwa malishoni na mifugo, lakini huko malishoni hakukuwa na mtu wa kumshuhudia.

Mahakamani Garissa ulikataa mkalimani. Ulitaka kusema kwa kinywa chako, kwa Kiswahili ulichojifunza ukiuza mbuzi. Wakili wa Nuh alikuuliza mbona nyayo zile zilizama sana, na kijana mwenyewe ni mwembamba hivi. Uliyojibu yameandikwa kwenye faili, nimeyasoma kwa macho yangu: "Mtu ya kuogoba anakanyaga ngufu. Mimi nasoma nyayo miaka arbaini. Hii mguu ni ya Nuh, wallahi."

Nuh akaita kutoka kizimbani, "Adeer, nitazame." Hukumtazama.

Alihukumiwa kifo, na baadaye ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Mama yake alifariki akiwa bado anamngoja. Ulikuwa ukimpelekea maziwa yule mama kila wiki, naye hakuwahi kuyakataa, na sijui mpaka leo wawili nyinyi mlikuwa mkisemeshana nini pale mlangoni.

Miaka kumi na sita uliamini uliona sawasawa. Sisi tuliamini pia, na tulijivunia. Hilo nalo liandikwe.

Kisha ikaja mvua ya Gu, masika yetu, ile iliyonyesha siku nne mfululizo. Nilikuwa nimetoka Garissa kuwatembelea, nikiwa na Iftin, mwanangu, ambaye alikuwa na mwaka mmoja na nusu na uzito wa miaka mitatu. Asubuhi ya tano jua lilitoka. Ardhi ilikuwa laini, hewa inanukia majani, mbu na vipepeo wametapakaa, na mji mzima ulikuwa kimya, kana kwamba hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuchafua. Nilivaa viatu vya kwanza nilivyovikuta mlangoni, kama tufanyavyo sote, vikawa vya Keinan, vya tairi. Nikamweka Iftin kwenye nyonga ya kushoto, nikaenda kwa jirani kuomba chachu ya anjera, mikate yetu ya asubuhi.

Wewe ulirudi kutoka zizini. Hooyo anasimulia kwamba ulisimama penye lango la ua, uso umekubadilika.

"Saado, Nuh amepita hapa."

"Subhanallah! Nuh yuko jela, Bishar."

"Nakuambia amepita. Sasa hivi."

Ukazifuata nyayo zile, umeinama, mpaka ukanikuta nimekaa kwa jirani na mtoto mapajani. Uliniuliza nani ameingia pale kabla yangu. Nikakwambia hakuna, ni mimi tu. Ukaniambia nisimame nitembee. Nikatembea na Iftin nyongani. Ukaniambia nimweke chini, nitembee tena. Nilidhani ni mzaha, nikatembea kwa maringo ya bibi harusi, na jirani akapiga vigelegele.

Hukucheka. Nilipokuwa na mtoto, mguu wangu wa kushoto ulipinda kwa ndani na kisigino kikazama. Bila mtoto, ulinyooka. Wewe mwenyewe ukamchukua Iftin, ukamweka upande wa kushoto, ukatembea hatua kumi, ukageuka kutazama. Unyayo wako wa kushoto ulikuwa umepinda.

Ulikaa palepale kwenye tope.

"Gunia," ulisema. "Kinsi, alibeba gunia."

Mwanzoni sikuelewa. Ulinieleza polepole: aliyemuua Abdishakur aliondoka na kilo hamsini za sukari upande wa kushoto, na mtu yeyote mwenye mzigo huo angeupinda mguu hivyo na kuuzamisha hivyo. Uliuona uzito ukauita woga. Uliuona mguu unaoupenda, ukaacha kutazama kitu kingine. "Nilimfunga mimi yule mtoto," ulisema. Sijawahi kumwona mtu mzima akilia vile, na Mungu anisamehe, nilitazama kando.

Keinan alipinga. Hatumfichi, naye ametaka aandikwe. Alikuwa ameanza kazi ofisi ya kaunti, na aliona aibu. "Aabo, wacha," alikwambia. "Watu wamesahau." Ulimuuliza, "Nuh naye amesahau?" Mkanuniana miaka miwili, mnapitishiana chumvi kwenye sinia bila neno.

Ulienda peke yako Garissa ukatafuta wakili, ukaapa hati ya kiapo kwamba ushahidi wako ulikuwa na kosa. Mara tatu ulipanda basi kwenda gerezani kumwona Nuh, na mara tatu alikataa kutoka. Mara ya tatu ulimwachia tende kwa askari. Zikarudishwa. Ulizila njiani, ukatuambia zilikuwa tamu, ukaenda kulala mchana wote.

Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Moyo wako haukungoja.

Siku ya maziko sheikh aliuliza, kama ilivyo ada yetu, kama yupo mwenye haki yake kwa marehemu, aidai au amsamehe. Watu wakajibu kwa sauti moja kwamba wamekusamehe. Lakini mwenye haki yenyewe alikuwa nyuma ya ukuta wa jela, na haki ya mtu haiondolewi na mwingine. Nilikuogopea, Aabo. Nilisimama mbali na wanaume, nimejifunga shali yangu, nikakuogopea kuliko nilivyokulilia.

Miezi minne baadaye mahakama ilituita. Mimi nilieleza habari za ile asubuhi ya mvua. Wakili wa serikali akasema hizo ni hadithi za marehemu. Hapo Keinan akainuka kutoka kwenye benchi, bila kuitwa, akaomba ruhusa. Alikuwa amekuja na gunia la sukari garini, hata mimi sikujua. Jaji alimruhusu, akatoka nje na watu wote, mpaka penye mchanga pembeni mwa jengo. Keinan akavua viatu vyake vya ofisi, akapandisha suruali, akatembea mikono mitupu. Akabeba gunia upande wa kushoto, akatembea tena. Jua lilikuwa linawaka. Jaji aliinama kama ulivyokuwa ukiinama, akatazama mistari ile miwili ya nyayo, mmoja umenyooka na mmoja umepinda. Keinan alikuwa analia na gunia bado liko begani.

Jaji aliamuru kesi isikilizwe upya. Upande wa mashtaka haukuwa na shahidi mwingine ila wewe, na wewe ulikuwa umeshasema kwamba ulikosea. Kesi ikaondolewa, na Nuh akatoka mwezi wa tatu, akiwa na miaka arobaini na moja.

Nawe Amino, mjane wa Abdishakur, tunakuomba radhi. Tumekuondolea jina la mtu uliyekuwa ukimlaani, dada yetu, na hatuna jingine la kukupa. Aliyemuua mumeo hatumjui. Kama yu hai na anasoma, Mungu anamwona.

Nuh alikuja nyumbani wiki iliyopita, baada ya alasiri. Nywele zimeanza mvi, na mguu ule bado umepinda. Hooyo alimletea maziwa ya ngamia. Aliyashika muda mrefu bila kunywa, kisha akanywa yote. Aliuliza ulipo, tukampeleka. Alisimama kaburini pako, upepo ukimvuruga kanzu, na kama alisema kitu, alikisema kwa sauti ambayo hatukuisikia. Nilihisi kama bado niko katika usingizi wangu wa mchana.

Tuliporudi nilimpa karatasi hii aisome kabla haijaenda gazetini, kwa sababu ni yake pia. Kusoma amejifunzia jela. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, bila haraka, mpaka mwisho ambapo nilikuwa nimeandika: na Nuh Shirwa, aliyekusamehe. Akaomba kalamu. Akalikata neno lile la mwisho.

"Usinisemee, walaal, dada yangu," aliniambia. Hakuwa na hasira. "Kila nikiamka najiuliza kama leo nitaweza. Bado."

Nikamuuliza kama niliondoe jina lake lote. Akaitazama tena karatasi.

"Jina liache," akasema. "Bado najaribu."

Wanaokukumbuka ni mkeo Saado, mwanao Keinan, mimi binti yako Kinsi, mjukuu wako Iftin, ambaye siku hizi habebwi tena, ndugu, jamaa na majirani wa Bura na Garissa, na Nuh Shirwa, ambaye bado hajakusamehe.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, Aabo, na tutamngoja pamoja nawe.