Walikupima kwa Macho

Baba,

Yule daktari bado anatibu watu. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama Mama anakula. Ndiyo, bado anatibu. Ameongeza ghorofa, ameweka vioo vya samawati madirishani, na mlangoni amebandika picha yake mwenyewe, amekunja mikono kifuani, anatabasamu kama mtu anayegombea ubunge. Kila asubuhi nikitoka nyumbani Luzira kwenda kuuza sigiri zangu za makaa Katwe naipita ile picha, na kila asubuhi naiambia maneno yako: "Haya, mheshimiwa." Hukuwahi kumtukana mtu, Baba. Ulimwita mheshimiwa, na anayekujua alielewa kwamba umeshamalizana naye.

Yeye ulimwita hivyo siku ya kwanza. Moyo ulikuwa umeanza kukusumbua. Miguu ilivimba, na ukipanda kile kilima cha kutoka bandarini ulikuwa unasimama kila hatua chache, unajifanya unaangalia feri. Wekesa, kifungua mimba wako, akasema baba yake hawezi kupanga foleni hospitali ya serikali, Mulago, pamoja na dunia nzima. Akakuchagulia kliniki ya binafsi yenye vigae, feni na msichana wa mapokezi mwenye kucha nyekundu. Kwa Wekesa dawa hufanya kazi kulingana na sakafu.

Ukavaa koti lako la kazini, lile zito ulilobaki nalo ulipostaafu kupanga mabehewa bandarini Port Bell. Zamani ulilijaza. Siku ile ni koti lililokuwa limekuvaa wewe. Sisi wa nyumbani tulijua ulivyokwisha mwili. Mama alikuwa ameshachoka kukupunguzia suruali. Daktari hakujua, kwa sababu hakukuvua koti. Kando ya meza yake palikuwa na mizani, nzuri, mpya, na juu ya mizani palikuwa na chungu cha maua ya plastiki. Alikutazama kutoka kitini akasema huku anaandika, "Mzee, tuseme kilo sabini." Umri hakuuliza. Ulikuwa umevuka themanini, ulizaliwa mwaka wa nzige, na ungemsimulia mpaka nzige wenyewe kama angefungua mdomo kuuliza.

Majibu ya damu yakaja, akayasoma kama mchungaji anayesoma Injili. Kreatinini iko sawa kabisa. "Mzee ana figo za kijana wa miaka ishirini," akasema, na Wekesa akacheka kana kwamba hizo figo kazizaa yeye. Ukaandikiwa digoksini, dawa ya moyo, kidonge kizima kila siku. Ulipokuwa unafunga vifungo ukasema polepole, "Haya, mheshimiwa." Akadhani umemshukuru. Akakupa mkono.

Mwanzoni miguu ilipungua, na Wekesa akapiga simu mpaka kwetu Bungoma kuwasimulia watu habari za daktari wake. Kisha ukaanza kusukuma sahani. Wewe, uliyekuwa unamla samaki ngege mpaka kichwa, ukawa unaona harufu yake na kugeukia ukutani. Kisha ikaja manjano. Chai ya maziwa ukasema ni ya manjano. Shuka alizofua Mama na kuzianika juani ukasema zimechafuka. Siku moja umekaa barazani ukamwambia Mama ziwa lote limepikwa kwa binzari. Mama akakushika kidevu, akakuangalia ndani ya macho akitafuta homa ya manjano. Macho yako yalikuwa meupe.

Tukakurudisha kliniki. Msichana wa mapokezi akamwambia Mama, "Ngojeni kidogo, nnyabo, daktari iko na wageni." Tukangoja. Tulipoingia mheshimiwa hakuinuka. Mama akaeleza yote, chakula, kichefuchefu, ziwa. "Ni uzee, mama," akasema. "Macho ya wazee yanachoka." Akakuandikia matone ya macho, na kile kidonge cha moyo akasema kiendelee, kinafanya kazi vizuri. Nimelifikiria jambo hili sana, Baba, na bado sipati jina la mtu wa namna hiyo. Mgonjwa anamwambia dunia imebadilika rangi, naye anampa matone. Sidhani hata alikuwa mwovu. Mwovu angalau hujishughulisha.

Asubuhi uliyoanguka ulikuwa unamwita Mama kwa jina la dada yako aliyekufa zamani. Mapigo ya mkono wako yalikuwa yanakuja moja, halafu kimya, halafu moja. Ssalongo mwenye nyumba wetu, unamjua na kitambi chake, alikunyanyua kitandani peke yake akakupeleka mpaka kwenye gari lake. Wekesa alikuwa uani na simu sikioni, anamwomba daktari wake ruhusa. Tulimwacha pale pale akiomba.

Mulago alitupokea daktari mwanamke, mfupi, mtu mzima, viatu vimepinda visigino. Hakututabasamia. Aliomba aone vidonge unavyokunywa, akavishika, akauliza, "Mzee ana miaka mingapi?" Mama akamwambia. Akakuvua koti. Akakuvua viatu. Wauguzi wawili wakakushikilia juu ya mizani, na mshale ukasimama kwenye arobaini na tatu. Yule daktari aliutazama muda mrefu, kisha akaandika, kisha akapiga hesabu: umri wako, kilo zako, kwamba wewe ni mwanamume, na ile ile kreatinini ambayo mheshimiwa aliisoma kama Injili.

Halafu alitueleza, mimi na Mama, tumesimama kando ya kitanda chako. Alisema kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo ndizo zinazoitoa mwilini. Kijana ana misuli mingi, anatengeneza taka nyingi, kwa hiyo figo zake zikilegea taka inajaa na namba inapanda. Mzee aliyekonda hana misuli, taka yake ni kidogo, hata figo iliyochoka inaimudu. Namba inabaki nzuri. "Namba hii kwa kijana wa kilo sabini ni figo nzima," akasema. "Kwa baba yenu ni figo zilizobaki na chini ya nusu ya nguvu. Na dawa hii inatoka mwilini kupitia figo." Mama akauliza, kwa hiyo ilikuwa inaingia na haitoki. Akasema ndiyo, kila siku inabaki juu ya ile ya jana, na ndiyo iliyokuonyesha manjano.

Hiyo tu, Baba. Hakuna siri iliyofichwa mahali. Kukuuliza umri, kukuvua koti, kuondoa chungu cha maua juu ya mizani. Hata hesabu yenyewe aliifanya pembeni ya karatasi wakati muuguzi anatafuta glavu.

Walikuachisha ile dawa, wakakutundikia maji, wakasema sasa ni kungoja itoke, na kwa figo zako itatoka polepole. Siku moja ulifumbua macho ukamwambia Mama, "Shuka zimetakata." Alilia kwa furaha, akanituma nikupikie uji. Nilirudi na chupa ya uji mkononi na pazia lilikuwa limevutwa.

Uji ule. Sijui niliuweka wapi.

Sasa nikusimulie msiba, kwa sababu hukuuona na ulistahili kuuona. Kabla hatujakusafirisha kwenda kuzikwa nyumbani, watu walikaa mchana kutwa uani kwetu, chini ya turubai. Mheshimiwa akaja. Amevaa suti, ameleta shada la maua, ya plastiki kama yale mengine. Wekesa akamwondoa mjomba kwenye kiti chenye mto, akamkalisha yeye, na zamu ya hotuba ilipofika akampa maiki. Akaongea kwelikweli. Alisema amekuhudumia kwa mikono yake mwenyewe. Alisema familia isitafute mchawi, maana yeye alikupima na figo zako zilikuwa za kijana wa miaka ishirini, ni Mungu tu amemtaka mtu wake. Akina mama wa kanisa wakaitikia amina.

Nikasimama. Sikupanga, miguu ilisimama. Sikupaza sauti, ulitufundisha hivyo. Nikasema, "Daktari, Baba alikuwa na kilo ngapi?"

Akasema, "Sabini." Alisema haraka, kama mwanafunzi anayejua jibu.

Kila mtu pale alikuwa amekuona siku zako za mwisho. Nusu yao walikuwa wamekushika mkono. Halafu Ssalongo akacheka. Hakuwa amekusudia, alijaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi akashindwa. "Mimi ribeba huyu mzee kama mtoto," akamwambia daktari. "Kiro sabini iko wapi, ssebo?" Na bibi mmoja wa kanisani, aliyekuwa ametoka kuitikia amina, akafunika mdomo kwa leso na mabega yanatikisika. Tulicheka msibani kwako, Baba. Ilianza kama kicheko ikaishia kilio, lakini ilianza kama kicheko.

Daktari akasema uzito ni makadirio tu, kitaalamu unaruhusiwa kukadiria. Nikamwambia mizani ilikuwa kando ya goti lake. Akatafuta pa kuiweka maiki. Aliondoka kabla ya chakula, na shada lake tuliliacha Luzira. Wekesa akanivuta pembeni akaniambia nimemwaibisha mbele ya mgeni. Hilo ndilo lililomuuma kaka yangu wiki aliyofiwa na baba.

Mama anakula, na sasa nakujibu. Magoti yanamsumbua. Wekesa alimletea vidonge vya maumivu kutoka kule kule, kwenye bahasha yenye ile picha. Mama aliipokea, akaisoma, akamrudishia. "Huyu ananijua wapi?" akasema. "Mimi hajawahi hata kuniona." Nikampeleka kwa yule daktari mwanamke, akamuuliza miaka, akampandisha kwenye mizani, akapiga hesabu yake, akasema vidonge vile vingemaliza figo zake, akampa dawa nyingine kidogo na ya kuchua. Mama hataki mtu ajue kilo zake. Hata mimi nimekatazwa kukuandikia ni ngapi.

Na Jumapili iliyopita Wekesa alikuja. Hakuingia, alisimama mlangoni anachezea funguo za gari. Mama mkwe wake amelala hoi nyumbani, hali chakula. Akaniuliza, anaangalia barabara, "Yule daktari mwanamke anapatikana siku gani?" Nilikuwa na neno tayari mdomoni, Baba, nililinoa tangu msibani. Lakini amekonda, na nilipomtazama pale kwenye mwanga nikaona ana mabega yako. Nikamwambia Jumanne. Nikamwambia abebe dawa zote anazokunywa yule bibi, na nitakwenda naye.

Kwa yule mwingine sina huruma na sitaitafuta. Watu wananiambia nisamehe, nisibebe kitu kizito moyoni. Si kizito. Dharau uliyoniachia ni nyepesi, natembea nayo vizuri, na nitaitunza. Ninachokuahidi ni hiki: yeyote wa nyumba hii atakayezeeka, nitakaa naye ndani ya chumba cha daktari mpaka aulizwe umri na apimwe kilo zake, na daktari akikasirika atakasirika mbele yangu.

Tutakuja na Mama mwezi wa Disemba kupalilia kaburi lako. Lala salama, Baba. Ulikuwa na kilo arobaini na tatu, na nyumba imekuwa nyepesi mno bila wewe.

Mwanao,
Nekesa